Ini la Baba Cliff

Mimi si mtu wa kudanganywa. Uliza yeyote pale soko la Oyugis. Ukinipimia nyanya ukaficha iliyooza chini, nitamwaga kopo lote hapo hapo na tuangalie moja moja, watu wakipita. Ndiyo maana nasema mwaka huu umenichanganya kichwa, kwa sababu nilimtafuta mwongo karibu miezi miwili mizima, na nilimtafuta kwa bidii.

Mume wangu anaitwa Nicanor, baba wa mwanangu Cliff aliye shule ya bweni. Yeye ni Mjaluo wa Kasipul, mimi ni Mkuria wa Kehancha, binti ya mzee Gisiri. Kwa hiyo nyumbani kwetu mapenzi ni kwa Kiswahili na ugomvi ni kwa Kiswahili, ila nikipandwa na hasira kabisa natoa Kikuria, naye anabaki kuniangalia mdomo tu. Ni fundi wa friji. Siku mbili kwa wiki huteremka Kendu Bay kutengeneza friza za akina mama wa samaki, siku nyingine anakaa kwenye kibanda chake hapa mjini akichomelea vitu. Ni Msabato kweli kweli. Pombe hagusi, nguruwe hagusi, hata nguruwe wangu watano walio nyuma ya ua wa mkonge huwapita akiangalia upande wa pili. Mimi ni Mkatoliki, kwa hiyo nguruwe ni wangu na dhambi yao ni yangu.

Mwezi wa tatu alianza kusema kuna kitu kizito kinamlalia chini ya mbavu, upande wa kulia. Nikampeleka kliniki, wakampiga picha ya tumbo. Daktari akatugeuzia kioo tuone.

"Hili ini linang'aa," akasema.

Mimi nikatabasamu. Nilifikiri kung'aa ni sifa.

"Si vizuri, mama. Linang'aa kwa sababu lina mafuta. Likiachwa hivi litaanza makovu, na likijaa makovu litakataa kazi. Aache vyakula vya mafuta, apunguze uzito, mrudi baada ya miezi mitatu."

Nje foleni ilikuwa imefika getini. Tukatoka. Mimi nilijua anachofikiria Nicanor, kwa sababu nilikuwa nakifikiria mimi pia. Ndugu yake Levi alikufa kwa ini. Mimi ndiye niliyemwosha Levi uso siku zile za mwisho, macho ya njano, tumbo limevimba mpaka shati halifungi. Alikuwa na miaka arobaini na moja. Nicanor ana arobaini na tatu. Nikaapa pale barabarani kwamba huyu simziki kwa sababu ya ini.

Sasa, mimi nikiamua kitu nimeamua. Jioni ile mkebe wa mafuta ya kupikia nilimpa jirani. Mayai ya kukaanga, kwaheri. Chapati, kwaheri. Samaki nikawa nachemsha na chumvi na nyanya, sukuma wiki nachemsha, hata maziwa naengua malai yote. Nicanor akakonda uso wiki ya kwanza, nikaingiwa na huruma. Mtu mzima, kazi ya kubeba friza, utampaje maji ya sukuma peke yake? Nguvu atatoa wapi? Kwa hiyo pale nilipopunguza mafuta nikaongeza ugali. Asubuhi uji bakuli mbili, sukari ya kutosha. Saa nne chai ya rangi na viazi vitamu. Mchana ugali. Jioni ugali. Hakuna hata tone la mafuta, naapa mbele ya Mungu.

Na ugali wangu Nicanor huumaliza. Hilo lazima niwaeleze. Nilipoolewa, mama mkwe wangu Phelesia aliniketisha jikoni akanifundisha mambo ya nyumba yao. "Nyar Kuria," akaniambia, ndivyo anavyoniita, binti wa Wakuria, "mwanamume akibakisha *kuon* yako, usiulize kama ameshiba. Uliza ameshibia wapi." Kuon ni ugali. Mimi nikayashika maneno hayo kama katekisimu. Mwaka ule wa kwanza Nicanor alibakisha tonge mbili siku moja, tonge mbili tu, nikawasha moto mpaka majirani wakatoka na tochi. Kumbe alikuwa amepita kwenye matanga akapewa chakula. Tangu hapo hajawahi kubakisha. Sahani inarudi jikoni safi, na mimi moyo wangu unatulia.

Mwezi wa sita tukarudi kupiga picha. Nilivaa nguo ya kanisani. Nilikuwa naenda kusifiwa.

Daktari aliangalia kioo, akaangalia karatasi ya zamani, akaangalia kioo tena. "Mafuta yameongezeka," akasema. "Na uzito umepanda kilo saba. Mzee, unakula nini?"

"Anakula ninachompa," nikadakia. "Na mimi simpi mafuta."

"Basi yanatoka mahali," akasema daktari.

Yanatoka mahali! Maneno hayo yalinifuata mpaka nyumbani. Yanatoka wapi? Jikoni kwangu hakuna. Nilikuwa sielewi kitu. Nilichukua unga kutoka kwenye gunia, nikaumimina kwenye gazeti, nikaufinya kwa mikono miwili, nikaukalia kabisa. Gazeti likabaki kavu, hakuna doa. Viazi vitamu nikavifinya, vikatoa maji tu. Sukari nayo, nani amewahi kuona sukari ina mafuta? Nikakaa jikoni nimeshika lile gazeti, nikaona jibu ni moja tu. Kama mafuta hayatoki kwangu, yanatoka kwa mwanamke mwingine.

Na ushahidi, yawa, jamani, ushahidi ulikuwa mwingi! Jumanne na Alhamisi akitoka Kendu Bay shati linanuka karai. Nikimsogelea nasikia samaki wa kukaanga mpaka kwenye nywele. Namuuliza, "Umekula?" Ananijibu, "Sijala, Mama Cliff." Namuuliza tena, "Hata kidogo?" Anasema, "Hata kidogo."

Nikasema sawa, tutaona. Mtu aliyekula samaki mzima Kendu Bay hawezi kumaliza ugali Oyugis. Nikaanza kumpima. Nilikuwa nasonga kwa sufuria ndogo. Nikahamia ile kubwa. Siku ya kwanza akamaliza. Wiki iliyofuata nikaongeza kikombe cha unga. Akamaliza. Nikaongeza tena. Nakaa mbele yake nimefunga mikono, naangalia kila tonge linavyoingia. Anakula polepole, jasho linamtoka kwenye paji la uso, anakunywa maji, anaendelea. Nawaza, huyu mtu anaweza kula kule na huku pia? Ana matumbo mawili? Akimaliza ananiangalia hivi, kama mtoto aliyemaliza hesabu ubaoni, na mimi natoa sahani. Nilichanganyikiwa zaidi kila siku.

Mwisho wa mwezi wa saba uvumilivu ukaisha. Alhamisi nikamfuata Kendu Bay. Nikamkuta nyuma ya kibanda cha mama mmoja anayeitwa Caren, amelala chini ya friza ameshika bisibisi, na hatua mbili kutoka kichwani kwake karai linachemka na samaki wamejaa. Sikusalimia. Nikamvuta mkono, nikanusa vidole mbele ya wateja wote.

"Mama Cliff, unafanya nini?" akauliza.

"Fungua mdomo," nikamwambia.

Watu wakacheka. Caren akaweka kijiko chini. "Dada, huyu hajala hapa hata siku moja," akasema. "Sisi humwita Pasta. Tunampa samaki wa bure anakataa, anasema mke wake anamngojea na chakula."

Mtu mwenye akili angesimama hapo. Mimi nikasema, "Na wewe lazima umtetee, si ndiwe unayemlisha!" Nikasema mengine ambayo sitayarudia hapa, na nusu yake ilikuwa kwa Kikuria, nashukuru Mungu.

Nicanor alijivuta kutoka chini ya friza. Alipangusa mikono kwa kitambaa, akakusanya vifaa vyake kimoja kimoja, akanipita. Nikafika nyumbani nikijua atafika baada yangu. Hakufika. Kesho yake kaka yangu Maroa akanipigia simu kutoka Kehancha.

"Dada, shemeji yuko kwangu."

"Kwako? Anafanya nini kwako?"

"Amekuja kukushtaki."

Ebo! Nyinyi mmewahi kusikia? Mwanamke ndiye hukimbilia kwao akigombana na mume. Huyu mume amekimbilia kwetu! Mama Phelesia aliposikia alifunika uso kwa leso, sijui alikuwa akilia au akicheka. Nikampigia Nicanor simu, haipokelewi. Nikamtumia ujumbe, haujibiwi. Siku nne nikapika ugali mdogo wa kula peke yangu, na sikujua kama nina hasira au nina hofu, maana kila nikifunga macho namwona Levi.

Siku ya tano ilikuwa zamu ya nguruwe. Motari, yule Mkisii mwenye bucha, alikuwa ameagiza dume langu kubwa. Tukampeleka kichinjioni asubuhi. Motari alipompasua mgongo akarudi nyuma, kisu mkononi.

"Mama Cliff, umeniletea nini hapa? Hii ni nyama ama ni godoro?"

Nikaangalia. Chini ya ngozi mafuta meupe, unene wa vidole vinne. Nyama yenyewe ilikuwa imejificha huko ndani.

"Wateja wangu wanataka nyama," Motari akasema. "Umekuwa ukimpa mafuta ya nini? Ya karai?"

Nikasikia damu inapanda. Kumbe na mimi nashtakiwa! "Mimi nimpe nguruwe mafuta ya karai? Mafuta yenyewe hata nyumbani kwangu hakuna tangu mwezi wa tatu! Huyu amekula pumba za mahindi, viazi vitamu na maganda ya mihogo. Hajaonja tone!"

"Basi yanatoka mahali," akasema Motari.

Nusura nimrukie.

Mkaguzi wa nyama alikuwa pale, bwana Japheth, mtu wa sauti ndogo, buti zake ndefu kuliko mguu. "Motari, mwache mama," akasema. "Anasema kweli. Nguruwe hahitaji kula mafuta ndiyo awe na mafuta. Anayatengeneza."

"Anayatengeneza na nini?" nikauliza.

"Na hizo pumba na viazi. Wanga ukifika tumboni unakuwa sukari, sukari inaingia kwenye damu. Anayoihitaji anaitumia. Ile ya ziada mwili hautupi, mama. Unaigeuza mafuta." Akaweka kidole kwenye ule weupe. "Na nguruwe anaigeuzia hapa hapa. Haya mafuta unayoona si stoo peke yake, ni kiwanda pia. Ndiyo maana angalia ini lake."

Akaliinua. Ini lilikuwa jekundu la kuiva, safi, kingo zake kali.

"Halina hata chembe ya mafuta," nikasema.

"Kuyatengeneza si kazi yake kubwa. Kwa nguruwe kazi iko kwenye mafuta yenyewe. Ng'ombe pia ni hapo hapo, ila yeye hategemei sukari, anatumia ile asidi inayotoka majani yakichacha tumboni. Wanyama hawafanani. Kuku, kwa mfano, anatengenezea kwenye ini, halafu damu inayabeba kwenda kwingine. Umewahi kuchinja kuku wa mayai aliyefungiwa, anakula mahindi tu na hatembei?"

"Nimewahi."

"Ini lake lilikuwaje?"

Nililikumbuka. Lilikuwa la njano, laini, lilipasukia vidoleni nikalitupia mbwa. Nilifikiri kuku alikuwa mgonjwa.

Nikasimama pale kichinjioni na viatu vyangu kwenye maji ya damu. Nilikuwa na swali moja na nilikuwa naogopa kuliuliza. Motari alikuwa anazungumza kitu kuhusu kupunguza bei, sikumsikia.

"Na mtu?" nikauliza. "Mtu anafanana na nguruwe ama na kuku?"

Japheth akacheka kidogo. "Mimi ni wa mifugo, mama. Lakini tulifundishwa kwamba mtu yuko upande wa kuku. Mafuta mengi ya mtu hutoka kwa mafuta anayokula. Ila mtu ukimjaza wanga na sukari kupita anavyotumia, kila siku, ini lake ndilo linaloshika kazi ya kugeuza. Likizidiwa, mengine yanabaki humo humo ndani."

"Ugali?"

"Ugali kiasi hauna neno. Ugali wa kupita kiasi, ndiyo. Na uji wenye sukari, na chai ya sukari. Kwani kuna mtu?"

Nilikuwa naona sufuria kubwa. Nilikuwa naona bakuli mbili za uji, viazi vitamu vya saa nne, na paji la uso la Nicanor likitoka jasho. Viazi vile vile, wallahi, kutoka gunia moja! Vidogo kwa nguruwe, vikubwa kwa Baba Cliff. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nimepekua nguo zote za Kendu Bay nikasahau ya kwangu. Nguruwe nilimwachia Motari kwa bei aliyotaka, na hiyo peke yake mjue nilikuwa sina akili.

Kesho yake nikashika njia, nikapita Rongo na mji wa Migori, nikafika Kehancha mchana. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno, na kila nikiyapanga yanachanganyika, nguruwe anaingia kwa kuku, kuku anaingia kwa ng'ombe. Na swali moja lilikuwa linanitafuna zaidi. Sawa, mimi sikujua. Lakini yeye ana tumbo lake mwenyewe. Mbona alikula?

Nilimkuta chini ya kibaraza cha Maroa, wanakula. Mke wa Maroa alikuwa amesonga ugali wa wimbi na muhogo, na mboga ya majani machungu. Nicanor aliniona, akanisogezea kigoda. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka tu. Nikaangalia macho yake kwanza, ile nyeupe ya macho, nikaona bado ni nyeupe, nikakaa.

Maroa ananijua. Akachukua sahani yake, akamwita mke wake, wakaenda kumalizia chakula ndani.

Nikamweleza. Nilieleza vibaya. Nilianza na ini la kuku, nikarudi kwa mgongo wa nguruwe, nikamwambia kuhusu gazeti na unga nilioukalia. Alisikiliza bila kunikata.

"Kwa hiyo ni ugali," akasema mwishowe.

"Ni ugali. Na uji. Na sukari. Ni mimi, Baba Cliff."

"Na Caren?"

"Nitaenda kumwomba msamaha. Nitaenda na goti langu."

Akaitikia kwa kichwa. Akamega tonge dogo, akachovya, akala. Akamega lingine. Halafu akanyoosha mkono kwenye beseni akanawa. Kwenye sahani ilibaki zaidi ya nusu.

Nisiwadanganye. Hata baada ya yote hayo, hata na aibu iliyokuwa imenijaa mpaka shingoni, macho yangu yaliangalia ile nusu na swali likapanda lenyewe mpaka kwenye ulimi. Umekula wapi? Nikauma meno nikalimeza. Yeye alikuwa ananiangalia, na alijua nilichomeza.

"Mbona hukuniambia?" nikasema. "Ule ugali, Nicanor. Mbona hukusema ni mwingi?"

"Ningesemaje, Mama Cliff? Nibakishe?" Alisema polepole, bila ubaya wowote. "Kila ulipoongeza nilijua unanipima. Nikawa nasema, leo nikimaliza huu ataamini. Kesho unaongeza."

Nilianza kulia, si kilio cha wanawake wenye adabu, kile kingine. Alinipa kitambaa chake cha kazi.

"Lakini njaa?" nikamwuliza. "Hata kama nilikuwa nakupima, kwani hukuwa na njaa hata kidogo?"

Akaikunja mikono yake mapajani, ile mikono iliyokuwa inanuka karai la watu wengine, akaiangalia.

"Tangu uliponiongezea ugali mwezi wa tatu," akasema, "sijasikia njaa hata siku moja."